Jozi Moja, Namba Moja

Makao Makuu, ghorofa ya tatu
4 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeninunia: miezi miwili bila barua. Nina kosa, nipige. Ila usinipige sana, maana nina habari.

Mfumo umekubaliwa! Kuanzia wiki ijayo matawi yote kumi na moja ya kampuni yatatumia kompyuta za aina moja, fomu ileile na maneno yaleyale. Unakumbuka tulivyokuwa? Tawi moja linaagiza ngozi ya "kahawia", jingine "rangi ya udongo", jingine "kama ile ya juzi". Aliyekuwa akiandika "kama ile ya juzi" ni wewe, Shangazi, usikatae, daftari zako ninazo hapa. Kiwanda kilikata soli kwa kubahatisha, na ngozi iliozea ghalani huku wateja wanasubiri. Sasa basi. Mteja akiagiza huko kwenu asubuhi, mchana kiwandani wameshajua.

Niliposimama mbele ya wakubwa kueleza, nilifupisha yote kwa maneno manne: "Jozi moja, namba moja." Mkurugenzi alipiga makofi. Wameyabandika ukutani karibu na lifti, na hapa ofisini sasa naitwa Bi Mfumo.

Viatu vyeusi ulivyonitumia vilifika salama. Nilivivaa siku hiyo ya mkutano, nikasimama saa tatu nzima, wala sikukumbuka kama nina miguu.

Kompyuta yenu itakuja Alhamisi na gari la soli. Atafundishwa karani wa mauzo, lakini nawe jifunze, tafadhali, usije ukasingizia miwani. Jibu umpe dereva huyohuyo. Simu yako najua inalala kabatini pamoja na ngozi.

Kiroboto wako


Tawini, meza ya vipimo
13 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Hongera sana, mwanangu. Nimewasomea mafundi barua yako kwa sauti, ile sehemu ya makofi nimeirudia mara mbili. Ile ya "kama ile ya juzi" nimeiruka.

Kompyuta imefika na imewekwa juu ya meza ya karani, kwa hiyo chai sasa tunanywea dirishani. Karani anaiweza. Ana watoto mapacha nyumbani, kwa hiyo hababaishwi na kitu kinachopiga kelele. Mimi nimekataa kupewa hilo jina la siri la kuingilia. Nikitaka kitu namwambia yeye, anabonyeza. Kwa wateja wa kawaida, nasema kweli, ni raha. Namba thelathini na nane, nyeusi, kamba: kabla hawajainuka kitini soli zao zimeshaagizwa. Zamani ningeandika barua na kusubiri siku tisa.

Ila jana alikuja mwalimu mstaafu wa hesabu, yule mrefu. Mguu wake wa kushoto ulidumaa tangu utotoni. Kushoto ni arobaini, kulia arobaini na tatu. Miaka kumi na tano namshonea. Nikamchora nyayo zake kwenye kadibodi kama kawaida, tukaenda kwa karani. Fomu ina kisanduku kimoja cha namba. Karani akaandika zote mbili, maandishi mekundu yakatokea. Akaandika arobaini peke yake, nikamuuliza, huo wa kulia tuukate vidole? Akajaribu arobaini na moja na nusu. Mwalimu akamwinamia akasema, "Binti, huo ni wastani. Mimi sina mguu wa wastani."

Tulicheka, lakini aliondoka bila kuagiza. Na soli siku hizi hatukati wenyewe, mashine zetu mlizichukua.

Sasa niambie, hicho kisanduku nani alikitunga? Haviwezi kuwa viwili? Ni swali tu, usije ukanuna.

Unakula vizuri? Barua zako hazisemi lolote kuhusu kula.

Shangazi yako


Makao Makuu
21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Ninakula.

Kisanduku nilikitunga mimi. Sheria yote ya namba nimeiandika mimi, mstari kwa mstari, na nitakueleza kwa nini, maana wewe si mtu wa kuambiwa "ndivyo ilivyo" ukanyamaza.

Mashine ya kiwandani inakata soli mbili kwa pigo moja. Kila tawi likiruhusiwa kuomba kushoto hivi na kulia vile, tunarudi kulekule kwa "kama ile ya juzi". Leo ni namba, kesho ni kisigino, keshokutwa kila fundi ana kampuni yake. Nimehesabu maagizo ya miaka mitano: watu kama hao hawafiki wawili katika mia. Hatuwezi kujenga nyumba nzima kwa kipimo cha mgeni mmoja.

Hawajasahauliwa, lakini. Ipo fomu ya maombi maalumu. Mteja aambatishe barua ya daktari, kamati inakaa mara moja kwa mwezi na kuamua. Mwambie Mwalimu avute subira.

Usinielewe vibaya. Kazi yako naiheshimu kuliko ya mtu yeyote hapa duniani. Ila kampuni imekuwa kubwa, na kitu kikubwa hakiendeshwi kwa kichwa cha mtu mmoja, hata kama kichwa chenyewe ni chako.

Kiroboto wako


Tawini
4 Aprili

Kiroboto,

Nimekuelewa. Sina la kuongeza.

Huku mambo yanakwenda. Mwalimu amepata viatu vyake, ameondoka kifua mbele kama bwana harusi. Wateja wameongezeka, utaona mwenyewe kwenye hiyo mitambo yako.

Kumbe mfumo unawatumia wateja ujumbe wa salamu? Mteja wetu mmoja ameambiwa amlete rafiki yake dukani, wote wawili wapewe kopo la dawa ya viatu. Amekuja peke yake kudai makopo mawili. Karani alicheka mpaka akashika ukuta.

Nakutumia soksi za pamba. Ofisi za juu zina baridi.

Shangazi yako


Makao Makuu
15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii si nzuri na nimeichana mara tatu.

Tumekuta wateja hewa. Wako tawi moja tu katika yote kumi na moja, nalo ni lenu. Ni wateja thelathini na wanane, na wanakwenda wawiliwawili: simu moja, mtaa mmoja, majina yanakaribiana. Kuna "Mwalimu Mkubwa" na "Mwalimu Mdogo". Kuna "Muuza Magazeti A" na "Muuza Magazeti B". Kila mmoja ameagiza jozi, halafu katika kila wawili mmoja anaandikiwa kwamba amerudisha viatu. Soli zilizorudishwa hazijafika kiwandani. Mkurugenzi anasema ni wizi.

Maagizo yote yameingizwa kwa jina la siri la karani. Tangu jana amesimamishwa kazi, barua yake iko kwenye gari hilihili. Nilimpenda kwa jinsi ulivyomsimulia, lakini ushahidi ndio huo.

Kuna jingine, Shangazi, na bora ulisikie kwangu. Wakubwa wanasema tawi lililochezea mfumo lisishone tena kwa vipimo. Mwisho wa Mei meza yako itaondolewa, litabaki duka la viatu vya tayari. Wewe utahamishiwa ghalani kuhesabu makasha mpaka ustaafu. Ripoti iliyopendekeza hivyo niliiandika mimi, kabla sijasoma jina la tawi. Nilipolisoma nilikwenda chooni nikalia.

Kama unajua karani alikuwa akifanya nini, niambie. Bado kuna kikao kimoja cha mwisho, tarehe 7 Mei. Nisaidie nikuokoe.

Kiroboto


Tawini
18 Aprili, dereva ananisubiri

Mwanangu,

Dereva nimempa chai na mkate ili asiondoke. Naandika haraka, mwandiko unisamehe.

Mrudishe karani kazini. Leo, si kesho. Amekaa mbele yangu hapa na barua yenu mkononi, anaisoma kama imeandikwa kwa lugha ngeni. Hakufanya lolote ila kubonyeza nilipomwambia bonyeza. Hao wateja hewa ni wangu mimi.

Na si hewa. Ni watu kumi na tisa, kila mmoja ana miguu miwili isiyolingana. Fomu yako inataka jozi moja namba moja, basi kila mtu nimemgawa. Mwalimu Mdogo anaagiza jozi ya arobaini, Mwalimu Mkubwa anaagiza jozi ya arobaini na tatu. Soli zikija, nachukua ya kushoto hapa na ya kulia pale, nashona kiatu cha mtu mmoja, na jozi moja naiandika imerudishwa. Soli zilizobaki hazikuibwa, ziko kabatini kwangu, nimeziandikia namba kwa chaki. Zinasubiri mtu mwenye miguu ya kinyume. Wawili nimeshawapata! Mlinzi wa shule kushoto ni arobaini na tatu, kulia arobaini. Mabaki ya Mwalimu yamemtosha kama alipimiwa yeye. Siku hizi wanasalimiana barabarani kama ndugu.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Nilitaka kukwambia. Halafu ikaja ile barua yako ya Machi, "watu kama hao hawafiki wawili katika mia".

Kiroboto, vua viatu. Vua, uko peke yako, nani anakutazama? Simama sakafuni.

Kushoto wewe ni thelathini na sita. Kulia ni thelathini na tisa, na mguu wa kushoto ni mfupi kwa upana wa kidole. Ulikuja kwangu na miaka sita, wazazi wako wameshatangulia, umevaa ndara moja ya kwako na moja ya kuazima. Watoto walikuita kiroboto kwa sababu ulikuwa unaruka, nami nikalichukua jina hilo kwao nikalifanya la kwangu, wasije wakalitumia tena. Mimi nilikuwa mshona mapazia. Nyundo ya viatu sikuwahi kuishika. Nilikwenda kwa fundi mmoja mkali, nikamfagilia karakana mwaka mzima, nikajifunza kushona kiatu ambacho kwa nje kinafanana na mwenzake na kwa ndani kila kimoja kina siri yake. Cha kushoto nakijaza gome jepesi chini ya kisigino. Hujawahi kununua kiatu dukani maisha yako yote. Hujawahi kujaza fomu ya kiatu.

Niliposoma "watu kama hao" nilikasirika, sitaficha. Nilisema, mtoto huyu kichwa kimemvimba. Nikaiweka barua. Kesho yake nikaisoma tena, ndipo nikaelewa kwamba hukuwa unajidai. Ulikuwa umesahau. Kweli kabisa umesahau! Nililia kwa furaha, mwanangu, mbele ya mafundi, nikasingizia gundi. Miaka thelathini ninashona ili wewe usahau, na kumbe nimeweza. Ningewezaje tena kuchukua kalamu nikukumbushe?

Basi nikaona bora niudanganye mfumo kuliko kukurudisha wewe kwenye ile ndara ya kuazima. Kosa langu ni kwamba sikufikiri nani angelipa. Amelipa karani.

Meza wakiichukua, nitaumia, sisemi uongo. Lakini usiseme lolote kuhusu miguu yako kwa ajili yangu. Hiyo ni siri yako. Sema tu kizee kimoja kimekosea.

Dereva ameanza kupiga honi.

Shangazi yako


Makao Makuu
9 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe kwa wiki tatu za kimya. Sikuwa na neno la kukuandikia kabla sijalifanyia kazi.

Nilivua viatu kama ulivyosema. Nilisimama sakafuni ofisini, nikaegemea upande, nikashika kiti. Nilikaa chini pale pale na sketi yangu ya kazi, nikavishika vile viatu vyeusi, nikatia mkono ndani. Nililipapasa lile gome. Miaka yote hii, Shangazi, na sijawahi kutia mkono ndani ya kiatu changu mwenyewe.

Karani utakuwa umemwona ameshapokelewa. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi kwa mkono wangu, si ya kuchapwa.

Kikao kilikuwa juzi. Ulinikataza kusema, nami sikukusikia, kama kawaida yangu. Mkurugenzi aliuliza, "Hawa wateja ni akina nani hasa, na kwa nini tuwapindie utaratibu?" Nilivua viatu nikaviweka juu ya meza ya mkutano, kati ya glasi za maji. Alivitazama akasema ni jozi nzuri sana, kazi ya tawi gani? Nikavigeuza nikavishikamanisha soli kwa soli. Kimoja kilikizidi kingine kwa upana wa kidole. Nikawaambia: kisanduku hiki nilikitunga mimi, na kwa sheria yangu mimi mwenyewe siwezi kuagiza kiatu katika kampuni yangu. Nikawaambia pia kwamba mfumo ni mzuri, bado naamini hivyo, umeokoa ngozi na umeokoa siku. Ila nimeukaza mahali ambapo ulitakiwa kulegea.

Hawakupiga makofi. Bwana wa kiwanda alilalamika kuhusu mashine yake, nikamtajia kabati lako na ile habari ya mlinzi wa shule. Alikuna kichwa, akakubali kwamba matawi kumi na moja yenye makabati kumi na moja yatapata watu wa kinyume wengi kuliko tawi moja. Waliamua saa nane mchana, mimi nikiwa bado pekupeku.

Kuanzia Juni fomu ina visanduku viwili, kushoto na kulia. Meza yako inabaki. Soli zinazobaki zitaonekana na matawi yote kwenye skrini. Yale maneno ya karibu na lifti nimeyabandua mwenyewe.

Hukuponyoka, lakini. Umepewa barua ya onyo kwa kuingiza habari za uongo, imo kwenye bahasha ya pili. Nami nimepewa yangu. Yako niliichapa mimi, na ni kali, usishangae, nililazimika. Na lazima upate jina la siri lako mwenyewe. Hakuna tena kumbonyezesha mtu.

Nakupenda, Shangazi. Sijui kwa nini nimeishi miaka hii yote nikikuandikia habari za ngozi.

Kiroboto


Tawini, meza ya vipimo
6 Juni

Kiroboto wangu,

Onyo nimelipokea. Lina ukurasa mzima na halina kosa hata moja la herufi, nimejivunia. Nimelifungia kabatini pamoja na simu.

Ulinisikiliza lini wewe, mtoto? Nilikuambia usiseme. Nilisoma barua yako nimesimama, ikabidi mafundi waniletee kiti. Juu ya meza, kati ya glasi! Mwalimu nimemsimulia bila kutaja jina lako, akasema huo ndio uthibitisho, na kwamba darasani angekupa mia.

Nina jina la siri sasa. Karani ndiye aliyenifundisha. Amenisamehe haraka kuliko nilivyostahili, ingawa ananifokea kama mapacha wake nikikosea kitufe. Kwenye visanduku vipya nilisema mteja wa kwanza atakuwa wewe, si mwingine. Nikaandika jina lako lote. Kushoto thelathini na sita, kulia thelathini na tisa, nyekundu iliyoiva, kamba.

Mfumo ukakataa.

Nikamwita karani. Tukasoma pamoja. Umeandika humo ndani, wewe Bi Mfumo, kwamba mteja wa namna hii vipimo vyake viwe vimechukuliwa tawini, mbele ya fundi, na visizidi miezi kumi na miwili. Vyako nilivichukua miaka minne iliyopita, siku unaondoka, ukiwa umesimama mlangoni na sanduku mkononi unaniambia fanya haraka. Tangu hapo nashona kwa kukumbuka.

Naweza kuudanganya. Njia naijua, naandika tarehe ya jana na hakuna atakayegundua. Lakini nina onyo, na aliyelichapa ni mkali.

Na sitaki kuudanganya. Miaka minne sijaushika mguu wako, mwanangu. Nimetuma viatu, nimetuma soksi, nimeuliza unakula, na neno lenyewe nililotaka kusema sikulisema, kwamba nyumba ni kubwa na nimekukosa.

Sasa sheria imesema, na sheria ni yako. Panda gari la Alhamisi, kaa mbele na dereva.

Njoo upimwe.

Shangazi yako